Dawa ya Mdudu

Mwezi uliopita Consolata alikuja Kampala kumzika dada yake, akamtuma mtu mpaka Kisenyi aniulizie kama bado ni mzima. Mzima ni mzima, nikamwambia yule mtu, ila magoti yalistaafu kabla yangu. Alitaka tuonane kabla hajapanda basi la kurudi Kenya. Siku mbili nzima nilizunguka chumbani nikitafuta udhuru, lakini bibi wa umri wangu asiye na kazi hana udhuru wa kueleweka. Siku ya tatu nikajitanda mtandio nikaenda. Yaliyosemwa huko nitayafikia, ila hayaelezeki bila mwaka mmoja wa zamani, mwaka wa pili baada ya vita vya themanini na sita. Mwaka huo mimi na Consolata tulitenganishwa na ukuta mmoja wa mbao kule Makindye, na kazi yangu ilikuwa kuosha chupa katika maabara yenye mti wa ajabu uani. Habari za ukoo wetu naziruka. Kila nyumba ya Waswahili wa Kisenyi ina babu aliyekuja na msafara kutoka pwani, na babu yetu hakuwa na jipya la kuwazidi mababu wengine.

Maabara yenyewe sitaitaja jina, na hata ningeitaja hakuna wa kuikumbuka. Ilikuwa nyumba ndefu ya bati mteremkoni, nusu ya madirisha yamezibwa kwa maboksi, kwa sababu vioo vilikwenda na vita pamoja na friji, mashine ya kusagia na hata vitasa vya milango. Maji tuliyabeba kwa jerikeni kutoka bondeni. Mti ulibaki kwa kuwa wezi hawakuona wa kumuuzia. Ulikuwa mwerezi wa milima ya Mlanje, kule Malawi, uliopandwa na Mzungu mmoja zamani za ukoloni. Daktari Mugerwa, mkemia aliyekuwa mkubwa wetu, alisema kwamba hata huko kwao mti huo unaelekea kwisha kwa kukatwa, na kwamba Kampala nzima hajauona mwingine. Majirani waliuita mti wa Krismasi. Koni zake hazikuwa kubwa kama za misonobari ya kawaida. Zilikuwa ngumu, za duara, hazizidi ncha ya kidole gumba, na zikikauka zilipasuka vipande vinne. Ukizichuma mbichi, utomvu wake ulikuganda vidoleni mpaka kesho yake, na harufu yake ilinifuata mpaka kwenye sahani ya wali. Daktari aliupenda mti ule kupita kiasi. Alikuwa amerudi kutoka ng'ambo mara vita vilipokwisha, na alirudi na wazo moja tu. Mbao za mwerezi haziliwi na mchwa, kwa hiyo ndani yake mna kitu ambacho mchwa hakiwezi. Kama kitu hicho kimo pia kwenye koni, basi hakuna haja ya kuukata mti, unachuma koni tu na mti unaendelea kuishi. Nchi nzima ilikuwa inajenga upya na mchwa walikuwa wanakula paa kabla watu hawajahamia, kwa hiyo wazo lake halikuwa la kipuuzi hata kidogo.

Vitu hivyo vilivyomo ndani ya koni, wanafunzi wa leo wanaviita kampaundi. Sisi tulisema dawa. Dawa ya panya, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya kikohozi: Kiswahili hakibagui, na Kiganda nacho hakibagui. Ili kuzitoa dawa ndani ya koni ilitakiwa spiriti safi, na spiriti hatukuwa nayo, basi Daktari akaamua tutumie waragi, pombe kali ya kienyeji. Mara mbili kwa wiki nilishuka mpaka Namuwongo, kando ya reli, mimi na hijabu yangu na jerikeni langu, kununua pombe kwa wanawake waliokuwa wakiipika kwenye mapipa. Walinicheka mpaka wakashika mbavu. "Hajati, leo wewe nakunywa jerikeni ngapi?" Hija sijaenda mpaka leo, lakini jina la Hajati wa Waragi lilinikaa mwaka mzima. Daktari aliupika waragi huo upya mpaka ukawaka moto wa buluu. Koni tulizianika kivulini juu ya mkeka, kwa sababu jua linaiba mafuta yake, kisha mimi nikazitwanga kwenye kinu nilichokiazima kwa mama mwenye nyumba, tukaziloweka, tukachuja, tukakausha taratibu juu ya maji ya moto, na mwisho wa yote ukabaki uji mzito mweusi chini ya chupa.

Kuna siku Daktari alinionyesha kilichomo ndani ya uji ule, na siku hiyo naihesabu miongoni mwa siku nzuri za maisha yangu, ingawa sasa kuikumbuka kunaniumiza. Alidondosha tone moja chini ya ukanda wa karatasi ya kuchujia, akausimamisha ukanda ndani ya gilasi yenye maji kidogo ya dawa, akaniambia nikae niangalie. Unyevu ukapanda, na lile tone moja likaanza kujigawa. Doa la kwanza lilibaki chini, la pili likasogea kidogo, la tatu likavuka katikati, na la nne, la manjano hafifu, likapanda karibu na ukingo wa juu. Kila doa ni dawa tofauti, akasema, na zote zimekaa ndani ya koni moja bila kugombana. Tukayakata madoa hayo kwa mkasi, tukayajaribu kwa mchwa tuliowafuga kwenye visahani katika chumba cha nyuma chenye giza. Kazi yangu ilikuwa kuwahesabu waliokufa kwa kutumia kioo cha kukuzia. Madoa matatu hayakufanya lolote. Kwenye sahani ya doa la nne, siku ya pili yake, hapakuwa na mchwa hata mmoja aliyesimama. Daktari alinikumbatia, na kwa adabu zake za Kiganda jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko ugunduzi wenyewe. Akatuma kipande cha doa la nne kwa rafiki yake ng'ambo, mwenye mashine za kulitambua, tukaanza kusubiri barua.

Nilikokuwa nalala ni chumba kimoja katika safu ya vyumba sita. Upande wa pili wa ukuta alikaa Consolata, Mkenya aliyeuza nguo za mitumba, pamoja na mumewe Wycliffe, fundi mizani. Watoto hawakuwa nao. Wycliffe alizunguka masoko yote ya mjini akirekebisha mizani za wachuuzi, na kwa kuwa aliishi na mizani hakuamini kitu kingine. Mimi nilimwita shemeji, naye akaniita shemeji. Kwenye ukuta palikuwa na tundu ambapo kijiti cha mbao kilikuwa kimeng'oka, na kwa tundu hilo tulipitishiana chumvi, viberiti, na mara moja hata samaki mkavu mzima, akavunjika mkia. Consolata alipika posho, ule ugali mgumu wa kwao, na sukuma wiki, mimi nikipika wali wa nazi nikipata nazi, na Jumapili tulikula pamoja mlangoni kwao. Kabla ya chakula hicho, wakitoka tu kanisani, nilikuwa nasikia kitu ambacho kwa miezi sikukielewa. Boriti ya chumba chao ililia, kisha Wycliffe akasema, "Soma." Consolata akasoma, "Hamsini na nane." Wiki tatu baadaye, "Hamsini na sita." Alikuwa ametundika mizani ya magunia ya kahawa kwenye boriti, akajining'iniza kwa mikono kwenye ndoana, na mkewe akasoma. Waliposoma hamsini na mbili nilikuwa nimeshaelewa. Mji mzima ulielewa mambo hayo bila kuambiwa. Watu waliuita ugonjwa huo Silimu, ndio UKIMWI wa leo, na redio ikasema unaletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho. Kwa Kiganda pia walisema hivyo hivyo, akawuka, kadudu.

Mizani ya maabara iliharibika, nami ndiye niliyempendekeza Wycliffe. Alikuja na kisanduku chake cha vyuma, suruali ameikaza kwa kamba ya kiatu, akaifungua mizani ile ndogo na kuisafisha kwa unyoya wa kuku. Daktari alifurahi, na Daktari akifurahi alitaka kueleza kazi yake. Wycliffe hakujua Kiganda na Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, kwa hiyo Daktari akaingia kwenye Kiswahili, lugha aliyoiokota kwa wanajeshi vizuizini. Mimi nilikuwa kwenye sinki nikijizuia kucheka. "Hii koni iko na dawa mingi," akasema, akiinua chupa ya uji mweusi. "Iko na dawa mbiri, tatu, nne. Ire ya nne ni kali sana. Naua mdudu yote, hapana bakisha hata moja." Wycliffe aliweka unyoya chini. "Hata huyu mdudu mdogo, Daktari?" "Mdogo? Mdogo ndiyo nakufa haraka. Mkubwa ndiyo nachukua siku mbiri." "Kweli?" "Kweri kabisa. Muulize huyu." Mimi nikaitikia kwa kichwa bila kugeuka, mikono imejaa sabuni. Nilichosikia mimi ni mchwa, kwa sababu katika nyumba ile mdudu hakuwa na maana nyingine.

Jioni hiyo nilikuwa nachambua mchele mlangoni, Wycliffe akaja akachuchumaa karibu yangu. "Shemeji, si wewe huwa unasema ukweli," akaanza. "Ile dawa ya Daktari. Wewe mwenyewe umeona mdudu akifa?" Nikamwambia nimewaona kwa macho yangu, tena mimi ndiye nawahesabu. "Unawahesabu na kile kioo cha kukuza?" Kwa kioo, ndiyo, nikasema, na nilisema kwa maringo, maana nilikuwa na miaka ishirini na miwili na hakuna aliyewahi kuniuliza kazi yangu kwa heshima namna ile. Akanishukuru, akaingia ndani. Nikasikia kwa tundu: "Conso, anawahesabu mwenyewe! Mdudu. Anawahesabu wakiwa wamekufa." Kisha nikamsikia Consolata akicheka na kulia kwa pamoja, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao. Hapo ndipo mchele uliponimwagika. Nilikuwa na ukuta wa mbao mbele yangu na ngumi mbili, nilitakiwa kugonga tu. Sikugonga. Nimejiuliza sana kwa nini, na majibu yangu yote hayana sura. Sikuwa nimesikia kicheko chumbani mle tangu masika. Pia nilijiambia, nani ajuaye, huenda mdudu ni mdudu. Na kusema kweli niliona haya, kwa sababu nilikuwa nimeshasifiwa.

Asubuhi Consolata alikuja na chapati nne zimefunikwa kwa kitambaa. "Dadangu, mimi sina maneno," akasema. "Hata kidogo tu. Hata ile mnamwaga." Nikiwa kazini mchana, Daktari akiwa ameenda kufuatilia mafuta ya jenereta, nilimimina uji mweusi kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, nikauzimua kwa waragi uliopikwa upya, nikaificha kwenye mtandio. Dozi niliitunga mwenyewe kwa kuiga kibandiko cha ile chupa ya kikohozi: matone kumi kwenye chai, kutwa mara tatu. Niliandika kwa herufi kubwa ili wasikosee. Wycliffe alikunywa akikunja uso, akasema ladha yake ni ya jeneza jipya, tukacheka wote watatu. Wiki ya kwanza alitapika, na Consolata akaniambia kwa furaha kwamba ndiyo inasafisha. Jumapili ya pili boriti ililia. Mara ya mwisho walikuwa wamesoma arobaini na tisa. Sasa nikasikia sauti ya Consolata: "Hamsini na moja." "Soma vizuri." "Hamsini na moja, baba, njoo uone mwenyewe!" Jumapili iliyofuata ilikuwa hamsini na tatu. Siku hiyo Consolata alichinja kuku. Nilikula kuku huyo, paja zima walinipa mimi, na niliamini. Nakiri kwamba niliamini kabisa.

Barua ya ng'ambo ilifika siku ya Jumanne. Daktari aliisoma amesimama chini ya mti, akaisoma tena, kisha akaingia ndani akakaa kwenye meza ya kufanyia kazi, jambo alilokuwa akitukataza sisi. Mimi na yeye tulizungumza Kiganda, na maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili changu. "Linajulikana," akasema. "Doa letu la nne. Walishalipata kwenye miti mingine kabla wewe hujazaliwa. Wala haliwezi kuwekwa kwenye nyumba za watu. Linaua mchwa, kweli, linaua na mbuzi, linaua na mwenye mbuzi." Akaniambia ninawe mikono vizuri kila nikiligusa. Nikamwuliza mtu akilinywa litamfanya nini. "Nani anakunywa dawa ya mdudu?" Kwa mfano tu, nikasema. Litamkata matumbo kwanza, akajibu, halafu figo. Figo zikigoma, maji hayatoki. Mtu atajaa maji miguuni, usoni, tumboni. "Ukimpima utafikiri amenenepa." Hakuniangalia alipokuwa akisema. Alikuwa akiiangalia barua tu, akiomboleza mti wake. Mimi niliwaza miguu ya Wycliffe, ambayo wiki ile ilikuwa haiingii tena kwenye viatu, na Consolata alivyokuwa akiipapasa akisema mume wake amerudi kuwa na mwili.

Siku mbili baadaye Consolata alinifuata mpaka maabara, chupa tupu mkononi. Nilisimama mlangoni, nikamwambia dawa imekwisha, koni zimekwisha, mti umechoka. Alitazama juu ya bega langu ndani ya chumba, kisha akanitazama mimi, akasema, "Sawa, dada." Usiku na mchana nilitunga namna ya kumweleza, na kila namna ilianza na neno lile lile, kwamba nilichompa mumewe ni sumu. Singeweza kulitamka. Wycliffe alikufa kabla mwezi haujaisha, amevimba mpaka pete ikakatwa kwa koleo. Wapo waliosema Silimu nayo huvimbisha mwishoni. Nimewauliza manesi wawili na daktari mmoja, katika miaka tofauti, nikijifanya nauliza habari za jirani. Wote walisema inawezekana, inawezekana pia ikawa kitu kingine, na hakuna atakayejua. Huo ndio ujuzi wote nilionao juu ya jambo hilo, na hautaongezeka.

Consolata alisafirisha mwili kwao na hakurudi Makindye. Kwenye ukuta niliziba lile tundu kwa gazeti. Daktari Mugerwa aliendelea na mwerezi wake miaka miwili zaidi, akijaribu lile doa la tatu, kisha la pili, na hakuna kilichofaa. Hakupata kujua nilichofanya. Alipofariki nilienda kuhani, nikakaa na wanawake, nikanywa chai, nikaondoka. Mti ulikatwa walipotaka kujenga ghorofa, na sikuenda kuuangalia. Mimi nilibaki kwenye maabara mbalimbali mpaka nikastaafu, na kila kijana aliyeniletea kibandiko nilimwambia aandike jina kamili la kitu, asiandike dawa. Waliniona mkali. Nilikuwa mkali, lakini ukali huo haukumsaidia mtu yeyote niliyemjua.

Basi mwezi uliopita nikamkuta Consolata katika nyumba ya marehemu dada yake Namuwongo, amekaa kwenye jamvi, mwembamba, nywele nyeupe. Tulikumbatiana. Tulikunywa chai ya tangawizi, tukaulizana magonjwa yetu, akamlilia dada yake kidogo. Kisha akawaambia wajukuu watoke nje. "Salma, nimekuita nikuambie nimekusamehe," akasema. Nikafikiri anajua, alishajua siku nyingi, mtu alimwambia. Nikamwuliza amenisamehe lipi. "Ile chupa ya pili," akasema. "Uliniambia imekwisha, na mimi niliiona. Ilikuwa kwenye kabati nyuma yako, imejaa. Nilijua kuna mtu wako unamwekea. Nilikuchukia, Salma, sikudanganyi. Wycliffe alikuwa ameshaongeza kilo nne. Kilo nne! Ningepata chupa moja tu tena, leo angekuwa amekaa hapa. Lakini nimezeeka, sitaki kufa na hilo moyoni."

Nilifungua mdomo. Niliona kwamba nikisema ukweli nitampokonya zile Jumapili mbili, boriti, kuku, hamsini na tatu, na nitamwachia badala yake kwamba kwa mkono wake mwenyewe alimmiminia matone kwenye chai, kutwa mara tatu, kwa kufuata maandishi yangu. Nikafunga mdomo. Alikuwa akinitazama bila hasira yoyote. "Yule uliyempa," akaniuliza polepole, "alipona?"

"Hapana," nikasema. "Alikufa."

Akauchukua mkono wangu, akauweka mapajani mwake, akaupapasa.

"Pole, dadangu," akasema. "Kumbe na wewe ulifiwa."

"Nishapoa," nikamjibu.